Velo Aliyoichagua Mado

Katika mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, hakuna bibi harusi aliyekubali kukata keki ya mtu mwingine ilhali Mado yupo. Alizipika kwa jiko la umeme pale umeme ulipokuwapo, na ulipokatika alihamia nyuma ya nyumba kwenye majiko yake ya mbabula, akatia makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akaketi kwenye kigoda akinusa. Hakutazama saa. Keki ikiiva, alisema, inakuita yenyewe.

Mumewe, Lucien, alikula vilima. Keki ya ghorofa haisimami mpaka ukate kile kilima kinachoumuka juu yake, na kilima hicho kilikuwa haki ya Lucien tangu walipooana. Alikuwa mtu mrefu, akiingia mlangoni huinamisha kichwa. Ujana wake aliumalizia golini, akidakia timu moja ya Kampemba, na huko huko golini aliliacha goti lake la kulia. Sasa alikuwa msimamizi wa malori katika kampuni ya usafirishaji, yale malori yanayoteremka hadi Sakania mpakani. Aliketi sana, alikula vizuri, alicheka kwa sauti. Tumbo lilikuja polepole kama mgeni asiyesema ataondoka lini, wala hakuna aliyelikemea. Mado mwenyewe alijivunia. Mume aliyenona ni sifa ya mkewe.

Asubuhi moja ya Novemba, Lucien alianguka kwenye uwanja wa malori, katikati ya matairi. Madereva walidhani ameteleza kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Walipomwona ameshika kifua na midomo imegeuka rangi, walimbeba kwa pikapu hadi hospitali.

Alitoka humo amepungua sauti kuliko mwili. Daktari wa moyo, mama mmoja mfupi aitwaye Dokta Mutale, aliwaketisha wote wawili akawaeleza bila kuzunguka.

"Papa Lucien, dawa utakunywa kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Hakuna siku ya kuruka. Na mwili inapashwa kutembea. Kukimbia hapana, goti haitakubali. Lakini kutembea, kila siku, mpaka jasho itoke."

"Na kama ninajisikia muzuri?" Lucien aliuliza.

"Ukijisikia muzuri, njo dawa inafanya kazi."

Walijaribu barabara. Mado alivaa raba za binti yao Léa, ambaye alikuwa ameolewa Kolwezi, na Lucien akavaa jezi yake ya zamani ambayo sasa ilimbana kwapani. Hawakufika hata sokoni. Kila baada ya nyumba kadhaa mtu alitoka kuwapa pole, na kila pole ilikuwa na macho yanayopima. Mbele ya duka la kuchaji simu, kijana mmoja alimwambia mwenzake, bila kujali kusikiwa: "Ule muzee anaisha." Lucien aligeuka pale pale akarudi nyumbani kwa hatua za haraka kuliko alizoruhusiwa.

"Sitatoka tena," alisema huku akivua jezi. "Bantu bananihesabia siku."

Ndipo Mado akakumbuka mashine aliyoiona hospitalini, katika chumba cha mazoezi ya viungo alikompeleka Lucien wiki yake ya mwisho ya kulazwa. Ilikuwa kuukuu, imesukumwa pembeni, na juu yake mama mmoja mwenye magoti yaliyovimba alikuwa anatembea bila kwenda. Alisimama juu ya pedali mbili pana kama sinia, mikono imeshika vyuma virefu vinavyokwenda mbele na nyuma, na miguu yake ilichora duara refu hewani bila kunyanyuka kutoka pedalini hata mara moja. Hakuna kishindo, na goti halikupigwa na ardhi. Aliuliza jina la mashine wakamwambia ni velo eliptiki, namna ya baiskeli isiyokwenda popote. Siku hiyo alitikisa kichwa tu. Sasa alirudi hospitali peke yake, akaongea na mtaalamu wa viungo muda mrefu, akamuuliza kila kitu ambacho mtu anayenunua jiko angeuliza, na zaidi.

Kwanza Lucien alimpeleka kwa rafiki yake Dan. Dan aliingiza vitu vilivyotumika Ulaya kwa kontena, na kwenye banda lake, kati ya friji zilizolala ubavu na magodoro, alikuwa na velo moja ya namna hiyo, ndogo, yenye kiti kilichopasuka.

"Hii iko ya Ujerumani," Dan alisema akiipangusa vumbi kwa kiganja. "Panda, mukubwa."

Lucien alipanda. Hatua za mashine zilikuwa fupi mno kwa miguu yake; akawa anaparura kama kuku jaani, na kila alipokanyaga, mashine iliinama upande mmoja na mkanda wake wa ndani ukalia kama mlango wa zizi. Mado aliinama akalizungusha gurudumu kwa mkono. Lilikuwa jepesi kama kifuniko cha sufuria. Mtaalamu wa hospitali alikuwa amemwambia: gurudumu jepesi linamshtua mtu kila hatua, na moyo uliougua hautaki kushtuliwa.

"Haiko ya kwake," alisema.

"Mama Léa, rafiki yangu ananipa bei ya ndugu," Lucien alinong'ona.

"Mi sitafuti ya ndugu. Minatafuta ya moyo yako."

Dan alicheka. Lucien hakucheka.

Duka la pili lilikuwa mjini, lenye vioo na sakafu inayong'aa, na muuzaji wake, kijana aitwaye Adrien, alivaa fulana iliyombana kama tangazo. Lucien alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka na kioo kikubwa kama televisheni.

"Shefu yangu ya kazi iko na hii kwake," alisema. Macho yake yaling'aa kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Adrien alikuwa tayari amewasha. Mado alisubiri mpaka mkanda ukaanza kuvuma, kisha akauliza, "Courant ya umeme ikikatwa na yeye eko juu yake?"

"Inasimama, mama."

"Na yeye?"

Adrien alikuna shingo.

Wakahamia upande wa velo. Kulikuwa na moja nyekundu, nzuri, yenye spika za muziki, na nyingine nyeusi isiyo na urembo wowote, ndefu, nzito, iliyosimama kama ng'ombe aliyekataa kutoka njiani. Mado alitoa mkobani utepe wa kupimia, ule aliopimia meza za keki. Alikuwa amekwisha kupima chumba cha Léa, kutoka sakafuni hadi kwenye dari, na alijua kwamba mtu akipanda pedali huongezeka urefu. Lucien akipanda ile nyekundu, kichwa chake kingegonga dari kila hatua. Aliipima nyeusi: pedali zake zilipita chini karibu na sakafu. Akazungusha gurudumu lake. Liligoma kidogo, kisha likaenda, na lilipokwenda halikutaka kusimama. Haikuhitaji umeme, ugumu wake uliongezwa kwa kinobu kinachosogeza sumaku. Hatua yake ilikuwa ndefu.

"Vua viatu," alimwambia Lucien. "Panda."

Lucien alipanda mbele ya watu waliokuwa dukani, soksi moja ina tundu. Miguu yake ilinyooka, mabega yakashuka, na akatembea pale hewani kwa utulivu kama mtu anayevuka uwanja kurudi golini kwake. Mado alimtazama. Ni hii, alijiambia.

"Papa eko na kilo ngapi?" Adrien aliuliza akiwa na kalamu mkononi. "Juu kila mashine iko na mwisho yake."

"Makumi tisa," Lucien alisema.

"Mia na kumi na nane," Mado alisema. "Dokta alipima juma lililopita."

Hakuwa amekusudia chochote. Mashine iliyopimiwa mtu wa kilo tisini ingevunjika chini ya mtu wa kilo mia na kumi na nane, na mtu huyo alikuwa mume wake. Lakini nyuma yao mwanamke kijana aliyekuja na mchumba wake alitoa kicheko akakiziba kwa kiganja, na masikio ya Lucien yakawaka. Aliteremka kwenye pedali, akavaa viatu vyake bila kufunga kamba, akaenda kusimama nje kando ya barabara mpaka Mado alipomaliza. Mado aliona, akafikiri itapita. Mambo mengi yalikuwa yamepita kati yao.

Velo nyeusi ikafungwa katika chumba cha Léa, mbele ya dirisha. Fundi aliyekuja kuifunga alimwonyesha Mado skurubu nne chini ya pedali na kumwambia zinalegea zenyewe kwa mtikisiko. Zikazwe mara kwa mara, la sivyo siku moja mguu mmoja utaondoka na mtu. Mado aliweka ufunguo wa skurubu hizo kwenye droo ya vijiko vyake vya keki.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Lucien alitembea muda wa kuchemsha chai tu, akashuka akitetemeka, jezi imeloa. Mado alisimama kando yake na taulo. Alimwambia apumue, alimwambia asitazame kile kidubwasha cha namba, amtazame yeye. Aliacha kupika vilima. Keki zake zote sasa zilipikwa bapa. Alimpikia sombe, majani ya muhogo, bila mawese na samaki bila kukaanga, na yeye mwenyewe akala hivyo hivyo ili sahani zao zifanane. Dawa alimhesabia kiganjani asubuhi, akasubiri ameze. Siku moja, mvua ikipiga bati, Lucien alishuka kwenye velo, akaketi sakafuni na kulia. Alimshika Mado kifundo cha mkono.

"Mado, usiniache nikufwe."

"Hautakufwa. Mi niko hapa."

Kama ungemuuliza Mado baadaye ni wakati gani alipendwa zaidi katika maisha yake, angetaja mvua ile.

Kufikia kiangazi, wakati asubuhi za Lubumbashi zinauma masikio kwa baridi, Lucien alikuwa mtu mwingine. Mkanda wa suruali ulitobolewa upya, kisha ukatobolewa tena. Shingo ilitokeza, mabega yakarudi. Dokta Mutale alisikiliza kifua chake akampigia makofi kwa utani. Mtaani walimwita: "Papa Léa, umerudia kijana! Unakunywa nini?"

"Sport," alijibu. "Mi ni muntu ya sport tangu zamani."

Mado aliyekuwa kando yake alitabasamu, akingoja aongeze kitu. Hakuongeza.

Mlango wa chumba cha Léa ukaanza kufungwa. Lucien alisema Mado akisimama pale anamvuruga pumzi. Alinunua vitu vya kuziba masikioni vyenye muziki. Akanunua mashati ya kubana. Safari za Sakania, ambazo zamani zilikuwa za kwenda na kurudi, zikawa za kulala huko. Mado alikuwa na keki za msimu wa harusi, mikono imejaa unga, na aliona yote hayo kama mtu anavyoona wingu akiwa mbali na kamba ya nguo.

Aliyeleta habari ni Zabibu. Zabibu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka Maniema, muuza viungo na tende. Iliki yote ya Mado ilitoka kwake. Shemeji yake alikuwa fundi wa matofali huko Ruashi, kwenye nyumba mpya zinazoota kando ya mgodi. Zabibu aliingia na pakiti ya iliki ambayo hakuna aliyeiagiza, akaketi, akakataa chai.

"Mama Léa, mi sipendi midomo. Lakini ukisikia kwa mwingine, utaniuliza juu ya nini nilinyamaza." Alivuta kitambaa chake mbele. "Papa Léa anajengesha Ruashi. Kuko mwanamuke mule. Wa kule Sakania, banamuita Mwila. Shemeji yangu aliwaona bote wawili, banachagua madirisha."

Mado aliendelea kupepeta unga. Unga ulianguka nje ya bakuli, juu ya meza, juu ya miguu yake.

"Asanti ya punda ni mateke," Zabibu alisema kwa sauti ya chini.

Mado hakuwahi kuona punda maishani mwake.

Hakungoja jioni. Lucien alikuwa chumbani kwa Léa juu ya velo. Alisukuma mlango akaingia. Lucien alivuta kimoja cha vile vizibo vya masikio lakini hakusimama. Miguu yake iliendelea kuchora lile duara refu, laini, bila sauti.

"Mwila ni nani?"

Lucien alizungusha kinobu akaongeza ugumu.

"Nilitaka kukuambia nyumba ya Ruashi ikiisha," alisema.

"Niambie sasa. Shuka unaniambia."

"Sikia, Mado. Hautakosa kitu. Nyumba hii iko yako na ya Léa. Sikufukuzi." Alizungumza bila kuhema, na hilo ndilo lililomchoma Mado zaidi, pumzi ile ilikuwa kazi ya mikono yake. "Mi sina makosa na weye. Lakini weye ukiniangaliaka, minaona kitanda ya hospitali. Kila siku. Unaniangalia sawa vile muntu anaangalia sufuria isiungue. Yule hajaniona vile. Yule ananiona mwanaume."

"Mwanaume yule, mi njo nilimusimamisha."

"Njo vile. Na ulisema kilo yangu mbele ya bantu."

Mado alidhani hakusikia sawasawa. "Unasema?"

"Kwa duka. Bantu banacheka. Nilijua siku ile, hapa nimekuwa mutoto."

Alitafuta la kujibu akakuta maneno yote aliyokuwa nayo ni ya mgonjwa: pumua, meza, pumzika, kula. Alitoka akafunga mlango nyuma yake, polepole, kama alivyoufunga siku zote ili asimshtue.

Lucien aliondoka mwishoni mwa mwezi na sanduku moja na mashati yake. Hapakuwa na kelele. Watu wa parokia walikuja kumliwaza Mado, wakaketi, wakamwuliza kama alikuwa akimpikia vizuri.

Velo ilibaki. Kwa majuma kadhaa alipita mbele ya mlango wa Léa bila kutazama ndani, kisha siku moja alivua kanga, akavaa raba, akapanda. Yeye pia alikuwa na mwili, na moyo wake usiku ulikuwa unamwenda mbio. Lakini hatua ya mashine ilikuwa ndefu mno kwake. Ilimpasua msamba, ilimvuta nyonga mbele kisha nyuma, na vyuma vya mikono vilimfika usawa wa uso. Alijilazimisha siku tatu nne, ya mwisho akashindwa kuinuka kitandani. Akakumbuka kwamba dukani hakupanda hata moja. Hakuna aliyemwambia apande, naye hakuomba.

Kisha Dan akaja na pikapu. Alisimama uani akizungusha kofia mkononi.

"Mama Léa, mi nimetumwa tu. Anaomba velo."

"Anaomba nini ingine?"

"Velo tu."

Picha ya harusi ilikuwa ukutani. Redio ya baba yake Lucien ilikuwa kabatini. Kombe la golini lililochubuka, ambalo zamani alilisugua kila Jumapili, lilikuwa juu ya friji. Velo tu. Mado aliingia jikoni, akachukua ufunguo kwenye droo ya vijiko, akaifungua mashine kipande kwa kipande kwa mikono yake, kwani Dan hakujua pa kuanzia. Wakaibeba. Lango lilipofungwa aligundua ufunguo ule umebaki mfukoni mwa aproni yake, na kwamba hakusema lolote kuhusu skurubu.

Angeweza kunyamaza. Siku nzima alijaribu kunyamaza. Alisukuma donge la unga akiwaza: mguu mmoja utaondoka naye. Aliwaza hivyo kwa raha fulani ambayo ilimtisha, na kesho yake akapiga simu ya Lucien. Sauti ya kike ilipokea, changa kidogo, yenye lafudhi ya mpakani.

"Mi ni Mama Léa," Mado alisema. "Sikupigi kwa matusi. Ile velo iko na skurubu nne chini ya pedali. Zinalegeaka. Muzikaze kila mara, juu akianguka kwa moyo ile—"

"Moyo gani?"

Mado aliihamishia simu sikio la pili.

"Mama, moyo gani?" Mwila aliuliza tena.

"Haukuambiwa? Alianguka mwaka uliopita. Alilala hospitali. Dawa anakunywaka asubuhi, ile ndogo nyeupe na ile ya rangi ya waridi. Unamuona anakunywa?"

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa nyundo, mafundi wakipiga bati.

"Lucien hanywi dawa yoyote," Mwila alisema, na sauti yake ikaanza kuwa ngumu. "Lucien anachezaka mupira na ba-vétérans, bale bachezaji ba zamani, huku Ruashi kila siku ya Mungu tukitoka misa. Yeye njo golikipa. Mama, minasikia uchungu yako. Lakini kumutakia muntu ugonjwa, ile haiko ya bakristu."

"Mwila, sikia. Muulize Dokta Mutale—"

Simu ilikatwa. Jioni Lucien mwenyewe alipiga, na hakuanza na salamu.

"Unanitangazia ugonjwa sasa? Unataka akimbie?"

"Dawa iko wapi, Lucien?"

"Mi ni muzima! Dokta mwenyewe alipiga makofi. Shi uliona? Usinipigie tena."

Hakumpigia tena. Alimpigia Léa huko Kolwezi, naye Léa akampigia baba yake, akatukanwa. Alikwenda kwa Dokta Mutale, ambaye alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kuwa mtu mzima halazimishwi kumeza. Zaidi ya hapo Mado hakujua la kufanya, na kusema kweli alichoka kutafuta. Harusi za Agosti zilikuwa zimefika. Alirudi kupika keki zenye vilima, na vilima akawapa kuku wa Zabibu.

Ilitokea Jumapili moja mwanzoni mwa mvua. Waliokuwepo walisema Lucien aliruka vizuri, kama zamani, akaudaka mpira juu ya vichwa vya watu, akaanguka nao kifuani. Timu nzima ilishangilia. Ilichukua muda mpaka mtu akaona kwamba haamki kuupiga. Safari hii damu ilikuwa imeganda moyoni ikapanda kichwani. Hakufa. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa badala yake, na mdomo ukapinda, na maneno yakawa matope.

Mado hakwenda hospitali. Watu wa parokia walipomwuliza, alisema hakuna aliyemwita. Ilikuwa kweli.

Walimleta siku alipopewa ruhusa ya kutoka. Gari lilisimama mbele ya lango mchana kweupe, wakati wanawake wanatoka sokoni na barabara imejaa. Wanaume wawili, kaka za Mwila, walimteremsha Lucien wakamweka kwenye kiti cha plastiki walichokuja nacho, palepale kando ya mtaro, na Mwila akashuka nyuma yao. Ilikuwa mara ya kwanza Mado kumwona. Alikuwa msichana wa sura ya kawaida, macho yamevimba, tumbo la mimba limeanza kuonekana chini ya kitenge. Mado alikuwa ameandaa maneno kwa miezi. Yote aliyasahau.

"Mama," Mwila alisema akiangalia chini, "tumerudisha bwana yako."

"Hakuwa bwana yangu wakati anaruka."

"Mi sikujua. Nilisema unanidanganya." Alifuta uso kwa mkono. "Mi niko na hii mimba, siwezi kumubeba. Bakaka bangu banakatala. Weye unafahamu dawa zake."

Watu walikuwa wamesimama. Muuza mkate alisimama, mafundi wa pikipiki walisimama, mama mmoja wa kwaya aliyekuwa na kapu la nyanya alisimama na midomo yake tayari. Lucien alikaa katikati yao, kichwa kimelala begani, jicho moja likimtafuta Mado na jingine likitazama mtaro. Mate yalimtiririka kidevuni na hakuna mkono uliokuja kuyafuta.

Mado alifungua lango. Baadaye mama yule wa kwaya alisimulia kanisani kwamba ni upendo, kwamba ndoa ya kweli haifi. Mado alisikia akaacha isemwe. Alijua kilichofungua lango lile. Barabara ilikuwa imejaa, na hakutaka mtu apite mbele ya nyumba yake akisema, ule muzee anaisha.

"Na velo?" aliuliza, kaka za Mwila walipokwisha kumlaza Lucien katika chumba cha Léa. Hakujua kwa nini aliuliza.

Mwila aliona haya. "Dokta wa mimba alisema nitembee. Inanifaa kidogo."

Basi alirudisha mtu, akabaki na mashine.

Léa alikuja kutoka Kolwezi, akalia, akamsafisha baba yake kwa siku chache, akarudi kwa watoto wake. Ndugu za Lucien walikuja na sala na ushauri. Dokta Mutale alieleza namna ya kumgeuza ubavu, namna ya kumnyoosha vidole kimoja kimoja, namna ya kumsimamisha akishikilia dirisha, kisha akauliza ni nani atakayeyafanya hayo kila siku. Chumba kizima kilimtazama Mado.

"Munaniangalia nini?" alisema. "Muandike jina langu, muende."

Anayafanya. Anamgeuza, anamnyoosha vidole, anamlisha uji kwa kijiko cha keki. Hamwambii apumue wala hamwambii hatakufa. Zabibu akija kusaidia, huongea juu ya iliki, juu ya mvua, juu ya umeme unaorudi saa isiyofaa, na Lucien huwatazama kwa jicho lile moja. Hasira ya Mado haijapungua. Imepata tu kazi ya kufanya, na kazi inaichosha jioni.

Juzi, baada ya majuma ya matope, neno moja lilimtoka likiwa zima. Alikuwa amemeza kijiko cha mwisho. Alikusanya mdomo wake uliopinda, akasukuma kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Aksanti," alisema.

Mado alimfuta kidevu.

"Usiniambie aksanti," alisema. "Geuka huku, nibadilishe shuka."